Mbwa mzee na kigari cha pembeni: jibu kwa ndugu wa Njiro

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Mbwa wako ana miaka tisa, nyonga zimeanza kumsumbua, na unataka kumtengenezea kigari cha pembeni kwenye pikipiki yako ya Boxer ili aendelee kutoka na wewe. Je, barabara zetu zinaruhusu? Je, pesa haitapotea kwa mbwa aliyebakiza miaka michache? Na sisi tuliowahi kupoteza mbwa wa namna hiyo tuliishi vipi baada ya hapo? Wengi wamekujibu la kwanza tu. Mimi nakaa Moshi, upande wa Uru. Nimebeba mbwa wawili kwenye kigari kimoja, na mmoja wao nimemzika, kwa hiyo naanza na lile la pesa.

Pesa haipotei. Kamanda, huyo niliyemzika, alikuwa mchanganyiko, mama wa kienyeji, baba shefadi wa Kijerumani, na nyonga zake zilianza kulegea akiwa na umri kama wa huyo wako. Mashefadi wengi hurithi mwelekeo wa tatizo hilo: kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye tundu lake, mifupa inasagana, na uzee unamalizia. Zamani alikuwa akinifuata kwa mbio kila nikiwasha pikipiki. Alipoanza kuachwa, akawa anasimama getini mpaka nipotee kwenye kona, na nyumbani wananiambia hagusi chakula hadi nirudi. Miguu ndiyo iliyochoka, hamu ya kwenda ilikuwa palepale. Nilipomwekea kigari alirudi kuwa mbwa wa safari kwa miaka yake yote ya mwisho, na hiyo ndiyo miaka ninayoikumbuka zaidi. Mbwa mdogo anaweza kukimbia mwenyewe. Huyu mzee ndiye anayekihitaji kigari.

Sasa chombo chenyewe. Umesema umeona picha za Wazungu na mbwa wao kwenye Ural. Zile ni pikipiki zilizotengenezwa kwa miaka mingi Irbit, Urusi. Asili yake ni M-72 ya mwaka 1941, iliyonakiliwa kutoka BMW R71, na tangu mwanzo fremu yake ilichorwa ibebe kigari. Baadhi zina tairi la kigari linalosukumwa na injini, na zina gia ya kurudi nyuma. Boxer haina hata kimoja cha hivyo, na fremu yake imeundwa kwa pikipiki inayolala kwenye kona. Pia kwenye picha nyingi utaona kigari kiko kulia, kwa sababu kule wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo chako kikae kushoto. Usimwachie fundi anakili picha.

Changu kilichomelewa Unga Limited, hapo Arusha. Fundi wa kuchomelea mageti anaweza, lakini simama naye kuanzia mwanzo. Usikubali achomelee moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki. Atengeneze fremu ndogo ya paipu inayofungwa kwa bolti chini ya injini na chini ya siti, halafu kigari kishikwe sehemu nne, mbili chini na mbili juu. Zile za juu ziwe na skrubu za kurekebisha urefu, maana hapo ndipo utakapoinyoosha pikipiki. Tairi la kigari likae mbele kidogo ya tairi lako la nyuma na liangalie ndani kidogo kuelekea pikipiki, milimita 10 hadi 25 ukipima kwa mbao mbili ndefu zilizonyooka. Pikipiki yenyewe iegemee nje, mbali na kigari, kidogo sana, kama nyuzi moja au mbili, ili ukishapanda na mbwa akishapanda isimame wima. Vipimo hivi vikikosewa itakuvuta upande mmoja njia nzima, na mabega yatakuuma kabla hujafika Usa River. Nyuma weka sproketi (gurudumu la meno la cheni) kubwa zaidi, la sivyo mlima wa kwenda Kibosho utakutoa jasho wewe na injini.

Na uendeshaji unaanza upya. Mwenye kigari halazi pikipiki, anageuza usukani kwa mikono. Ukikata kona ya kushoto kwa kasi, tairi la kigari linanyanyuka. Ukikata ya kulia kwa kasi, uzito wote unaangukia kigari na nyuma yako inakuwa nyepesi. Ukivuta mafuta pikipiki inakwenda kushoto, ukishika breki inakwenda kulia, kwa sababu kigari kisicho na breki yake kinaendelea na mwendo wake. Tafadhali soma tena hilo la breki, maana kulia kwetu ndiko yanakotokea malori. Teremko la Kikafu, ukitoka Boma Ng'ombe kuja Moshi, ndipo jambo hili linapojulikana. Mimi napunguza gia kabla ya teremko na kushika breki kidogo kidogo, na kama kuna basi nyuma linapiga honi, lipige tu.

Kwa hiyo usimpakie mbwa kwanza. Pakia mfuko wa mchanga wenye uzito wake, uufunge usisogee, uende nao uwanja wa wazi mpaka kona ya kushoto isikushtue tena. Kabla ya yote hayo, ongea na askari wa usalama barabarani na kampuni yako ya bima, ujue wanataka nini kwa chombo kilichobadilishwa umbo. Ni bora kuyasikia hayo kabla chuma hakijakatwa.

Wakati unajifunza na mchanga, mbwa naye ajifunze kigari kikiwa kimesimama uani. Mpe chakula humo, mwache alale humo. Siku nyingine washa injini akiwa ndani, iungurume tu, uizime. Halafu msukume kwa mkono. Halafu nenda hadi geti la jirani na kurudi. Mbwa wako akiruka nje mara mbili mfululizo, rudi hatua moja nyuma bila kumgombeza. Wapo wanaozoea haraka na wapo wasiozoea kabisa, na ikiwa wako ni wa kundi la pili, achana na mpango huu, umtembeze kwa mguu taratibu. Hata hapo hutakuwa umepoteza kitu.

Sakafuni weka mpira mzito usioteleza, juu yake godoro nene la sponji lililoshonewa turubai. Mbwa mwenye nyonga mbovu akiteleza kila unapokata kona, unamuumiza kwa jina la starehe. Mlango mdogo ubavuni, uwe chini, ni muhimu kuliko rangi na marembo yote, kwa sababu hataweza kuruka na wewe hutaki kumnyanyua kwa kumshika kwapani kila mara. Umfunge kwa mkanda wa kifua, kamwe si kwa kola ya shingoni, na kamba iwe fupi kiasi kwamba anaweza kukaa na kulala lakini hawezi kuvuka ukingo. Pikipiki nyingi za hapa cheni iko kushoto, yaani upande wa mbwa, kwa hiyo kava la cheni liwepo na liwe zima. Fikiria mkia. Mbele yake weka kioo cha plastiki kimkinge vumbi na wadudu. Miwani ya mbwa ipo na inafanya kazi nzuri akikubali kuivaa. Kamanda aliikataa, kioo kikatosha.

Joto ndilo ninaloliogopa kuliko kona. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, na njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema. Akifika 41 hiyo ni dharura ya kumkimbiza kwa daktari huku ukimmwagia maji. Wewe uko Arusha, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kuna ubaridi. Ukishuka kuja Moshi mjini unafika mita 800 na kitu, na Januari au Februari saa sita mchana bati la kigari linachoma kiganja. Ondoka alfajiri. Simama kabla hajaomba. Beba maji yake, na usimlishe saa mbili tatu kabla ya safari ili asitapike. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, foleni ile ya jua haifai kwa mbwa, bora uwe umeshapita mapema. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe kwenye begi na iwe ya mwaka huu, maana watoto watamzunguka kila unaposimama na mzazi wao ana haki ya kuuliza. Dawa ya kupe usiiache, homa ya kupe imeua mbwa wengi Arusha na Moshi. Hifadhi za taifa mbwa haruhusiwi, kwa hiyo ukienda Momella, ndani ya hifadhi ya Arusha, mwache nyumbani. Njia zetu nzuri ni hizi za milimani, katikati ya migomba na kahawa, taratibu, gia ya pili. Mbwa anasoma hewa njia nzima. Ukimwangalia pua unajua tumepita nyumba yenye mbuzi kabla wewe hujawaona.

Nije kwenye lile swali ambalo hakuna aliyeligusa.

Kadi ya chanjo ya Kamanda ina safu ya uzito. Daktari wa mifugo aliuandika kila tulipokwenda, na miaka yake mizuri yote inasoma kilo 34, ikicheza kidogo tu. Halafu 31. Halafu 27. Mwishoni hakuweza kusimama, na chakula alikigeuzia uso hata nikimpa kwa mkono. Daktari alisema wazi kwamba hakuna dawa ya kumrudisha, ipo ya kumpumzisha. Nilimwomba aje nyumbani, akaja. Kamanda alikuwa amelala kwenye kigari, uani, kwa sababu humo ndimo alimotaka kulala siku zote, na sindano aliichomwa humohumo mimi nikiwa nimemshika kichwa. Ukifikia hapo, mkuu, usimpeleke mahali asipopazoea kama unaweza kuepuka. Na uwepo. Watu watakuambia huwezi kuvumilia kuangalia. Utaweza, kwa sababu yeye atakuwa anakutafuta kwa macho.

Nilimzika kihambani, kwenye shamba letu la ukoo. Nilitaka kupanda sale, ule mmea wa heshima wa Wachagga, juu ya kaburi, kama tunavyofanya kwa watu wetu. Baba mdogo akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba sale ni la watu, tusiwachanganyie wazee mambo yao, nipande kitu kingine. Nilimwelewa na nikamtii. Nikapanda mparachichi, na ni yeye aliyeniletea mche. Majirani wachache walishangaa mbwa kuchimbiwa kaburi la kwenda chini hivyo, lakini waliokuja kutoa pole ni wengi kuliko nilivyotarajia, na karibu kila mmoja alikuwa na mbwa wake wa zamani wa kumsimulia. Mzee mmoja alinieleza habari za mbwa aliyechunga naye mbuzi utotoni, akamtaja kwa jina, na sauti ikamkatika.

Kesho yake nilitakiwa kwenda mjini na pikipiki ndiyo hiyohiyo. Kigari kitupu hakiendesheki vizuri, kona ya kushoto kinaruka. Ilibidi nipakie mchanga. Nilichukua mfuko, nikaupima kwenye mizani ya duka la mahindi, kilo 34 kamili, uzito wake wa siku za afya, nikaufunga kwa mkanda wake wa kifua kwa sababu ndio uliokuwa umefungwa pale tayari. Niliendesha na mchanga huo kwa miezi. Wapo waliosema nikikate hicho chuma niuze, kitanitia uchungu. Kilinitia uchungu, ndiyo, lakini pia kilinipa nafasi ya kumlilia barabarani ambapo hakuna anayekuuliza una nini. Kama una watoto, waache waseme jina lake mezani. Picha zichapishe karatasi, simu zinapotea. Na ile kadi ya chanjo itunze, ina maisha yake yote kwa mkono wa mtu mwingine.

Kuhusu mbwa mwingine: sikumtafuta. Tausi alitelekezwa karibu na stendi, mdogo, amejaa kupe, na mtu anayejua nyumba yangu akaniletea. Nilimwacha aamue mwenyewe. Alikizunguka kigari siku nyingi akinusa, maana harufu ya mwenyewe ilikuwa bado imo, halafu siku moja nikamkuta amelala ndani. Ni mbwa wa kienyeji, mwembamba, amekomea kilo 18. Hazitoshi kukishikilia chini kwenye kona, kwa hiyo kilo 16 za mchanga uleule bado ziko chini ya godoro lake. Hafanani na Kamanda kwa lolote. Yule alikuwa anatazama mbele kama dereva, huyu anatazama nyuma na kubwekea kila Noah inayotupita.

Kwako sasa, kwa sababu miaka tisa haingoji: wiki hii mpime uzito, pima urefu wake akiwa amelala kwa ubavu miguu imenyooshwa, na kimo cha hatua anayoweza kupanda mwenyewe bila kunyanyuliwa. Viweke hapa vipimo hivyo vitatu pamoja na mwaka wa Boxer yako, nikuchoree upana wa kigari na mahali pa mlango kabla hujaenda kwa fundi.