Kabla ya kuwauliza mafundi wako kuhusu makosa

Ukimuuliza fundi mbele ya bosi wake, "Unajifunza kutokana na makosa?", atasema ndiyo. Nani atasema hapana? Jibu hilo halikusaidii kitu.

Nasimamia karakana ya kushona sare za shule hapa Moshi. Kila Desemba, oda za Januari zikitubana, nakuta vipande vimesokomezwa chini ya meza ya kukatia: mkono wa shati mfupi kuliko mwenzake, chaki bado inaonekana. Hasara ya kitambaa inauma, ila kinachoniuma zaidi ni aliyekificha, maana wiki nzima anashona roho juu.

Mwaka 1999 watafiti Rybowiak, Frese na wenzao walichapisha dodoso la kupima jinsi watu wanavyoyachukulia makosa kazini. Lina vipimo vinane, na hapo ndipo lilipo na maana: kuweza kurekebisha ni kimoja, msongo wa mawazo ni kingine, kuficha kingine, kuwaambia wenzako kingine. Mtu anaweza kuwa hodari wa kurekebisha na bado akaficha. Fundi wangu bora kabisa yuko hivyo.

Kwa hiyo andika kauli za kazini kwenu. "Nikikata vibaya, narekebisha kabla mtu hajaona." "Nikikosea, namwambia wa cherehani ya jirani." Majibu yawe matano, toka sikubali kabisa hadi nakubali kabisa, mtindo alioutoa mwanasaikolojia Rensis Likert mwaka 1932. Changanya kauli zinazopingana, utaijua karatasi iliyotikiwa bila kusomwa. Majina yasiwepo. Watiki tu, wasiandike, kwa sababu miandiko yao unaijua. Na kama mko wachache usiulize umri wala miaka kazini, utakuwa umeshawataja.

Usishtuke makosa yanayoripotiwa yakiongezeka. Mtafiti Amy Edmondson, katika utafiti wake wa mwaka 1996 hospitalini Marekani, aliona timu za wauguzi zenye uongozi mzuri zikiwa na makosa mengi zaidi ya dawa yaliyojulikana. Maelezo yake ni kwamba huko watu walikuwa huru kusema.

Wasomee mafundi matokeo yote, hata yanayokugusa wewe, kabla msimu haujaanza. Kauli za kuficha zikikubaliwa na wengi, angalia kwanza kama unawakata mshahara kwa kitambaa kilichoharibika. Kama ndivyo, acha mwezi huohuo, halafu pima tena msimu ukiisha.