Kabla Hujagusa Kioo cha Gari la Kale

Juzi alasiri nilimkuta mwanagenzi wetu mpya akifuta kwa kitambaa kikavu mchanga uliotua kwenye kioo cha Land Rover ya zamani, kwa bidii ile ile ya mtu anayefuta meza ya mkahawa. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba anakiandaa kioo ili akiondolee mikwaruzo. Simlaumu sana, kwa kuwa sijawahi kumpokea kijana ambaye hakuanza hivyo, na mwalimu wangu angesema hivyo hivyo kunihusu mimi.

1. Maji kwanza. Gari lililolala usiku mmoja karibu na ufuo wa Malindi huamka limevaa chumvi na mchanga, kwa hiyo limwagiwe maji baridi mengi kabla mkono haujafika kwenye kioo. Raba za waipa zilizokakamaa kwa jua zitupwe siku hiyo hiyo.

2. Lugha yetu huita kila kitu kioo, na hapo ndipo vijana wanapoponzeka. Kioo cha tabaka mbili zilizoshikwa na plastiki katikati kinaweza kukatwa na fundi mwenye subira. Kile cha milango, ambacho kwa kawaida kilipashwa moto kiwandani kikapozwa ghafla, hakikatwi wala hakitobolewi. Ukijaribu, utaokota chembe zake sakafuni mpaka mwezi uandame. Basi someni muhuri mdogo ulio pembeni mwa kioo kabla ya kufungua sanduku la zana.

3. Pitisheni ukucha juu ya mkwaruzo. Ukinasa, acheni.

Hili nililijua, nililifundishwa, na bado nililivunja. Mzee mmoja wa hapa mjini alikuwa na Peugeot 404, gari la aina ile ile iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na alilitunza kama mtu anavyomtunza ngamia wa urithi. Kioo cha mbele kilikuwa na mkwaruzo mmoja wa waipa, mbele kabisa ya macho ya dereva. Ukucha ulinasa. Nilipaswa kumwambia ukweli ili akae na mkwaruzo wake, lakini nilikuwa na sifa ya kulinda, na yeye alikuwa amekwisha kunisifu mbele ya wenzake barazani. Unga wa seriamu oksaidi, ule wa kung'arishia kioo, uliokorogwa na maji ukawa uji mwepesi, ulikwenda polepole mno kwa haraka niliyokuwa nayo. Nikachukua msasa wa maji, nikakwangua pale pale penye mkwaruzo, mahali pasipozidi upana wa kiganja, kisha nikarudi kwenye unga na pedi ya sufu mpaka kioo kikang'aa. Mchana ule, ndani ya gereji, kazi ilipendeza. Nilipokea pesa.

Siku ya tatu mzee alirudi jioni bila kugomba. Aliniambia, "Mwanangu, jana natoka Mambrui, pale daraja la Sabaki nimeona matatu mbili, na iliyokuja ilikuwa moja." Akaniketisha kwenye kiti cha dereva, akawasha tochi, akatembea mbele ya gari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwanga ulipofika pale nilipokwangua, ulivimba, ukaruka, ukagawanyika. Nilikuwa nimechimba bonde dogo, nalo lilikuwa likipinda mwanga kama lenzi. Kioo kingine nilikinunua kwa pesa zangu, baada ya majuma mengi ya kutafuta, na wakati wote huo mzee alikwenda msikitini kwa miguu.

Kwa mikwaruzo myepesi, basi: iwekeeni alama kwa kalamu upande wa ndani, kwa sababu uji ukishapakwa hamtaiona, sugueni eneo pana, pedi isikauke, na kiganja kikisikia joto upande wa pili, pumzikeni, la sivyo kioo kitapasuka.

4. Vioo vya dereva vya kutazamia nyuma ni rahisi zaidi kutengeneza, ila vina hila zake. Kateni kielelezo cha karatasi, pitisheni kikata kioo upande usio na rangi, mara moja tu, kisha lainisheni kingo kwa msasa uliolowa. Kilichobinuka kibadilishwe kwa kilichobinuka, maana bapa kutoka duka la vioo kitamwonyesha dereva sehemu ndogo kuliko aliyoizoea. Silikoni yenye harufu ya siki msiitumie kabisa nyuma yake. Hula ile rangi ya fedha, na weusi huanza kutambaa kutoka ukingoni, nasi tuna chumvi ya bahari inayofanya kazi hiyo bure.

Kile kioo cha 404 sikukitupa. Kimeegemezwa ukutani nyuma ya gereji, na kijana wa juzi ataketi mbele yake leo magharibi, mimi nikiwa nimeshika tochi.