Sehemu “Imefichwa” na Nani?

SWALI: Mimi ni mtengenezaji wa tovuti hapa Mwanza. Nimeandaa fomu ya kusajili vyombo vya uvuvi, ambayo kwa JavaScript, lugha ya programu za tovuti, huonesha au kuficha baadhi ya sehemu kulingana na majibu ya anayejaza. Niliweka ujumbe usemao “Nguvu ya injini imefichwa.” Mzee mmoja mwenye mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, akaniuliza: “Nani ameificha, mwanangu, na kwa nini?” Je, nimekosea Kiswahili?

JIBU: Sarufi hukuikosea, ndugu msomaji, ila mzee huyo ana sikio zuri. Kitenzi cha kauli ya kutendwa, hata kisipomtaja mtenda, humwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza “na nani?”, na mtu anayesajili mali yake akiambiwa kuna kitu kimefichwa, ana haki ya kutia shaka. Ungeandika “imejificha” ungeifanya sehemu hiyo kama mtoto nyuma ya mlango; “imefichika” hutufaa zaidi kwa maana au siri; na “imetoweka” ni neno la kumshtua mtu wa ziwani, ambaye amezoea kulisikia likisemwa juu ya wavuvi wasiorudi mwaloni.

Kitenzi ninachokipendekeza ni “onekana”. Ukimtafuta mtenda wake, utakayempata ni yule anayeona, wala si aliyeficha, na fomu huandikwa kwa ajili ya anayeona. Andika basi: “Ukichagua mtumbwi wa injini, sehemu ya nguvu ya injini itaonekana hapa chini.” Ukikanusha, sema “usipochagua” au “kama hutachagua”; lakini “hautachagua”, ambayo nimeiona katika fomu nyingi, si ya nafsi ya pili, bali ni ya ngeli, kama tunavyosema mti hautaanguka. (Kuhusu “onesha” na “onyesha”, yote mawili yanatumika, chagua moja ulifuate fomu nzima.)

Lipo jambo la pili ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko la kwanza. Nadhani ujumbe wako huundwa na programu kwa kupachika jina la sehemu mbele ya “imefichwa” au “itaonekana”. Kwa Kiswahili mbinu hiyo huvunjika mara moja, kwa kuwa kitenzi hufuata ngeli ya nomino: jina litaonekana, uzito utaonekana, kiasi kitaonekana, mahali pataonekana. Huna haja ya kuifundisha programu ngeli zote. Tanguliza neno “sehemu”, useme “sehemu ya jina”, “sehemu ya uzito”, “sehemu ya kiasi”, na kitenzi kitabaki “itaonekana” siku zote, kwa maana kinapatana na “sehemu” na si na neno linalobadilika. Wataalamu wa kompyuta hutumia pia “uga”, wingi wake “nyuga”, nami sina ugomvi nalo katika maandishi yao. Ila mzee wa Kirumba akisoma “jaza uga” atafikiria uwanja mbele ya nyumba.

Utofautishe vilevile kuficha na kuondoa, maana hapa lugha na programu zinakwenda pamoja. Sehemu iliyofichwa tu bado imo ndani ya fomu, na alichokwisha kuandika mtu humo hutumwa pamoja na mengine hata kama hakioni, mpaka uizime au uiondoe kabisa. Na ikiwa umeifanya ya lazima ukaiacha tupu, kivinjari kinaweza kukataa kutuma fomu bila mjazaji kuelewa kinachomzuia. Kwa hiyo usiandike “imeondolewa” ikiwa umeificha tu.

Kwa mwenye mtumbwi wa kasia, ujumbe wa kuficha hauna kazi yoyote. Ukiona ni lazima useme neno, sema: “Nguvu ya injini haihitajiki kwa chombo hiki.”