Kuoga na bosi Hakone

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Nyakato, napima ubora wa minofu kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Mwezi ujao naenda Japani kwa mafunzo, na wenyeji wetu wamepanga tulale usiku mmoja Hakone, kwenye nyumba ya wageni ya kienyeji yenye maji ya moto yatokayo ardhini. Nasikia watu huoga uchi pamoja, na bosi wangu, mama wa heshima zake, atakuwepo. Nisingizie homa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Homa usiisingizie, utajinyima. Mimi nililala kwenye nyumba kama hiyo kule Beppu, Japani, na hofu yako naijua.

Nyumba hizo huitwa riokani, na maji yake onseni. Siku hizi karibu kote wanawake wana upande wao na wanaume wao. Kwetu Ukerewe tulioga hivyo hivyo ziwani, wanawake huku kwenye mawe, wanaume kule, na hakuna aliyemkodolea shangazi yake macho. Bosi wako naye atakuwa anatazama maji.

Mimi kilichonisumbua ni sabuni. Ziwani tunajisugulia humo humo majini. Kule povu haliingii bwawani hata kidogo, maana maji yenyewe ndiyo mali yao: sheria yao ya mwaka 1948 inataka yatoke ardhini yakiwa na nyuzi joto 25 au zaidi, au yawe na madini yaliyotajwa, ndipo yaitwe onseni. Utakuta vigoda vifupi vimepangwa, kila kimoja na bomba lake na beseni. Keti, ukisimama utawarushia wenzako maji. Jisugue mpaka visigino, suuza povu lote, ndipo uingie. Mimi niliingia misuko imening'inia. Bibi mmoja akavua kibanio chake, akanibana nywele juu kama anambana mjukuu wake, wala hakusema neno. Kibanio hicho ninacho hadi leo. Kwa hiyo funga misuko yako, na kitaulo kidogo ukiweke kichwani, kisizame. Maji huwa kama nyuzi 40 hadi 42. Usikae sana, na ukitoka inuka polepole. Mimi niliinuka ghafla, kizunguzungu kikanishika.

Moyo ukikataa kabisa, waombe wenyeji wakuulizie bafu la faragha. Riokani nyingi zinalo, hukodishwa kwa muda.

Viatu vinaishia mlangoni, na kwenye mikeka ya tatami unavua hata ndala. Ndala za chooni zibaki chooni. Utapewa yukata, vazi la pamba la kufunga kwa mkanda. Hapa nakusihi: upande wa kushoto ulale juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti.

Chakula cha jioni na cha asubuhi kwa kawaida kimo ndani ya bei, na saa yake haisogei. Samaki mbichi atakuwepo. Jicho lako lililozoea sangara litamkubali. Kama hutumii pombe au nguruwe, sema sasa hivi, kwa sababu michuzi mingi hutiwa pombe ya mchele. Ukimaliza kula utakuta godoro limeshatandikwa chini.

Na alfajiri, ukirudi kuoga, tazama kwanza pazia la mlangoni, ujue bafu ni la nani. Baadhi ya nyumba hubadilisha mabafu usiku: bafu la wanawake la jana leo ni la wanaume.