Baiskeli ya mtoto: kazi zake na kazi zako

SWALI: Mwanangu ana miaka 6. Amepewa baiskeli ya magurudumu ya inchi 16, anaipenda hadi anataka kulala nayo, lakini akishashuka anaibwaga palepale, iwe jua au mvua. Mnyororo umeanza kushika kutu. Nimfundisheje kuitunza bila kumkaripia kila siku? Na je, naweza kuupaka mafuta ya kupikia?

JIBU: Haibwagi kwa kuidharau. Akishuka, akili yake imeshahamia mchezo mwingine. Ukimwambia "tunza baiskeli yako" hajui aanzie wapi wala aishie wapi, kwa hiyo mpe kazi moja ambayo ataiona imekwisha: kuiegesha. Chagueni pamoja mahali penye paa, mchore mstari sakafuni kwa chaki. Gurudumu lisipofika kwenye mstari, safari bado haijaisha. Stendi ikimshinda nguvu, aiegemeze ukutani.

Akishazoea hilo, ongeza ukaguzi kabla ya kupanda. Jaza upepo wewe kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha mwache abonyeze kwa kidole gumba ajue tairi lililojaa likoje. Mweleze kwamba tyubu hupoteza upepo taratibu hata bila pancha, asije akadhani ameiharibu. Akiendesha likiwa limelegea na kugonga ukingo, tyubu hubanwa kwenye ringi na kutoboka matundu mawili yaliyokaribiana. Kisha abane breki za mkono huku akiisukuma: gurudumu ligome, na mkono wa breki usifike kugusa usukani.

Mnyororo ni kazi ya mtu mzima, maana kidole kikiingia kati yake na meno ya giya kinaweza kukatika. Hata hivyo mtoto asikose kabisa sehemu yake. Sugua kutu kwa mswaki mkuukuu mkavu, ufute kwa kitambaa. Gurudumu likiwa limesimama kabisa, yeye adondoshe tone moja kwenye kila kiungo kilicho mbele yake, viwili au vitatu tu. Arudi nyuma hatua moja. Ndipo wewe uzungushe pedali kuleta viungo vingine. Ikiwa breki ni ya kukanyaga kinyumenyume, pedali haitarudi nyuma, hivyo inua gurudumu la nyuma na uzungushe kwenda mbele. Mkimaliza, subirini dakika kumi, kisha futa mafuta yote ya juu. Watu wengi huruka hatua hii. Kinacholainisha ni mafuta yaliyoingia ndani ya viungo. Yanayobaki nje hukusanya mchanga, na mchanga ndio unaoula mnyororo.

Mafuta ya kupikia hayafai kabisa: yakikaa huganda na kunata. Ukikosa mafuta ya baiskeli, ya cherehani yatakufaa kwa muda. Yasiguse ringi wala mipira ya breki, la sivyo breki zitateleza.

Viungo vikiendelea kukakamaa hata baada ya mafuta, nunua mnyororo mpya. Kwenye baiskeli isiyobadilisha gia, ubonyeze katikati: ucheze kama sentimita moja. Ukilegea zaidi utachomoka, ukikaza sana pedali zitakuwa nzito.

Kuosha ni kwa kitambaa kibichi. Maji ya mpira yakielekezwa katikati ya gurudumu huondoa grisi kwenye gololi.

Siku atakayoisahau mvuani, usimnyang'anye wiki nzima. Kwa umri wake, siku ya tatu hatakumbuka kosa lilikuwa nini. Mpe kitambaa kikavu aifute siku hiyohiyo, wewe ukishughulikia mnyororo.

Kiti nacho kikague kila baada ya miezi michache, kwa kuwa mtoto anakua. Akikaa, miguu yote miwili iguse chini. Bomba la kiti lina alama ya mwisho wa kupandisha. Ukilazimika kuipita, baiskeli imeshamwia ndogo.