Waya Mwembamba Uliniponza, Nikauza Amplifaya Nzima

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: “Kaka, spika zangu ziko mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Waya wa unene gani utanifaa?” Nilicheka, kisha nikanuna. Laiti ningeuliza swali hilo mapema.

Nilikuwa na spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme). Nikaziunganisha kwa ule waya mwembamba unaokuja bure ndani ya boksi, wa geji 22 (geji ni kipimo cha unene wa waya), nikaurefusha kwa viungo. Kwa macho, spika ya mbali ilikuwa mita 6. Lakini waya haupiti hewani: ulifuata ukuta, ukazunguka fremu ya mlango, ukafika mita 10. Besi ikalegea kama ngoma iliyonyeshewa. Nikaamua amplifaya imechoka, nikamuuzia rafiki yangu kwa bei ya kutupa, nikanunua nyingine. Besi ile ile!

Baadaye rafiki akanialika kwake. Waya wake mnene, mita 2 tu, na ile amplifaya “mbovu” inatikisa glasi mezani. Nilitabasamu kwa meno tu. (Chumba kidogo nacho huongeza besi, najua. Niacheni na uchungu wangu.)

Hesabu yake ni nyepesi. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 10 ni mita 20 za shaba. Geji 22 ina ukinzani wa kama omu 0.053 kwa mita, jumla omu 1 na ushei. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwangu kikomo kilikuwa omu 0.2 tu. Nilizidisha mara tano!

Kwa hiyo, ndugu yangu, geuza spika usome omu zake kwa nyuma. Zikiwa 8, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unakutosha kwa mita hizo. Zikiwa 4, chukua wa 2.5. Kwenye geji namba huenda kinyumenyume: 12 ni mnene kuliko 16.

Usidanganywe na unene wa plastiki pia. Waya wangu wa pili ulikuwa mnene kweli, unang'aa. Nikakwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba!

Jamani, tupunguze kiburi. Mtu yuko tayari kukopa anunue amplifaya ya wati nyingi, lakini kupima waya anaona kazi ya mafundi. Mimi nilikuwa huyo huyo. Fundi aliponiuliza nimetumia waya gani, nilimjibu kwamba waya ni waya. Pimeni kwa kamba, mkifuata ukuta, kabla ya kulaumu mashine.

Sasa nimefunga wa 2.5, shaba tupu, na besi imekaza. Nikamwomba rafiki aniuzie tena ile amplifaya. Amekataa.