Kabla hujatoboa kioo: niliyojifunza kwa kulowesha sebule

Umeme ulikatika saa moja jioni, nikiwa barazani. Sikushtuka, nikasubiri taa zirudi. Kilichoninyanyua ni mwanangu, katoka mbio na tochi ya simu: "Baba, njoo! Samaki wamekunywa maji yote!"

Hawakuyanywa. Maji yalikuwa kwenye zulia, na kwenye gunia la korosho nililokuwa nimeliegemeza ukutani nikingoja mnada. Korosho zikilowa kabla ya mnada, mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa.

Tangi langu la samaki lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kina 50. Ukipiga hesabu, kila sentimita moja ya kina ni lita 4. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo lenye pampu na chujio: maji hufurika kutoka juu, yanachujwa, pampu inayarudisha. Bomba la kurudishia nililizamisha sentimita 20 chini ya uso wa maji, kisa nisisikie kelele za maji yakimwagika. Pampu ikizunguka, hakuna neno. Pampu ikizima, bomba hilohilo linageuka ule mpira wa kunyonyea petroli kwenye dumu: maji yanashuka yenyewe mpaka mdomo wa bomba ukutane na hewa. Sentimita 20 mara lita 4 ni lita 80. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 25. Lita 55 zilizobaki ndizo zilizokuwa sebuleni.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue koki gani na elbo ngapi, mimi kwanza namuuliza: umeme ukikatika, maji yako yatashuka mpaka wapi? Dawa yenyewe haina gharama. Pandisha mdomo wa bomba uwe karibu na uso wa maji, kisha toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba, sentimita moja tu chini ya usawa wa maji. Maji yakishuka kidogo, tundu linavuta hewa na mteremko unakatika. Tundu hilo lisuguliwe kwa mswaki mara kwa mara, maana likizibwa na ukungu wa kijani umerudi kulekule kwenye zulia.

Niliwahi kudhani valvu ya kuzuia maji yasirudi itanimalizia kazi. Konokono mdogo alijibana mlangoni mwake, ikabaki wazi. Siku hizi siitegemei.

Sasa twende dukani. Nilipoanza nilikuwa nasema "nipe nusu inchi" kama ninayenunua sukari. Bomba likacheza ndani ya soketi. Kijana wa duka akanitazama, "Kaka, hii nayo nusu, ile nayo nusu." Na kweli! Bomba la PVC la vipimo vya inchi, lile la nusu, kwa nje lina milimita 21.4. La vipimo vya milimita ambalo nalo huitwa nusu lina milimita 20. Hiyo milimita moja na ushei ukiijaza gundi itakaa wiki, mwezi, halafu itaachia usiku. Beba kipande cha bomba lako mfukoni na ukijaribishe palepale kaunta; kikiingia bila gundi kinapaswa kubana kabla hakijafika mwisho. Na usikubali bomba jeupe la kupitishia nyaya za umeme kwa sababu ni rahisi. Halikutengenezwa kubeba maji.

Uzi nao, yaani yale meno ya kuzungushia kifaa kwenye kingine, una mtego wake. Vifaa vya samaki vinavyoagizwa kutoka Marekani vina uzi wa pembe ya digrii 60, huku vya kwetu, vyenye asili ya Uingereza, ni digrii 55. Kwenye nusu na robo tatu idadi ya meno kwa inchi ni ileile, 14, kwa hiyo vinaingiana mizunguko kadhaa na unajiona fundi. Vitavuja. Hata uzungushe tredi tepu roli zima.

Samaki wangu ni mbuna, wale wenye rangi wa Ziwa Nyasa. Wanapenda maji yenye chokaa, na maji ya kisima ninayotumia hapa Mikindani yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, kwa hiyo wao raha mustarehe. Anayeumia ni koki. Ukoko unaigandisha mpaka mpini unakatikia mkononi. Weka yunioni, kile kiungo cha kufungua na kufunga, kila upande wa koki ili uifungue bila msumeno, uiloweke kwenye siki, uisuuze, uirudishe. Ndiyo pesa niliyotumia vizuri kuliko zote. Shaba ikae mbali: inadhuru konokono na kamba, na ukifuga samaki wa maji ya chumvi usiweke chuma cha aina yoyote mahali maji yanapogusa.

Kutoboa kioo nimuachie fundi vioo, ila kwanza hakikisha si kioo kilichokazwa kwa moto. Hicho kikiguswa na kekee kinasambaratika chote. Kwenye konekta inayopitisha bomba kwenye tundu la kioo, ile ya simtanki, mpira unakaa upande wa kichwa, ndani ya maji, wala si upande wa nati. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, acha. Silikoni chagua inayonuka siki na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Hiyo ya bafuni yenye dawa inaua samaki.

Ukimaliza kufunga, jaza maji bila samaki, iwashe pampu hadi maji yatulie, kisha zima swichi ya ukutani ukiwa umesimama hapo na ndoo. Subiri mpaka maji yaache kupanda kwenye tangi la chini. Yakiacha bila kumwagika, washa tena, na pale yanapotulia pampu ikifanya kazi piga mstari kwa maka peni. Hapo ndipo mwisho wa kujaza. Kwangu mstari ni mwekundu, na mwanangu ndiye mkaguzi: nikiupita hata kwa kikombe kimoja, ananiuliza korosho ziko wapi.